Oili ya Heshima

Maabara ya Vilainishi,
Chang'ombe, Dar es Salaam.
14 Machi 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa barua hii itawakuta wewe na Mama katika afya njema. Mimi ni mzima, na kwa mara ya kwanza tangu nihitimu Chuo Kikuu nina jambo la maana la kukueleza.

Mwezi uliopita niliajiriwa katika maabara hii binafsi, iliyoanzishwa baada ya Serikali kuruhusu kila mwenye uwezo kuingiza bidhaa. Zamani, kama ukumbukavyo, nchi nzima ilitumia oili ya namna moja, nayo ilipatikana kwa kujuana. Leo majina yamejaa sokoni na hakuna ajuaye kilichomo ndani ya makopo. Kazi yetu ni kupima na kulinganisha. Tunaipasha oili joto mpaka nyuzi mia moja, kisha tunaangalia inavyotiririka, kwa maana injini ikichemka, oili inayogeuka nyepesi kama maji haiwezi tena kuvitenganisha vyuma. Aidha, tunapima viongezi vilivyomo, hususan zinki, ambayo hubaki juu ya chuma na kukikinga pale oili yenyewe inapozidiwa. Mimi ndiye mwanamke pekee katika chumba cha vipimo. Mkurugenzi wetu, Bwana Yeremia, ameahidi kwamba nikionyesha juhudi atanikabidhi mhuri wa kuthibitishia vyeti.

Kwa sababu hiyo nimependekeza kwake utafiti mdogo wa kulinganisha oili nne zinazouzwa katika mikoa ya kati, naye ameridhia. Ningependa mojawapo iwe yako. Naomba, Baba, uniletee chupa moja kutoka katika pipa lile unalowapimia wateja. Pipa lizungushwe kwanza, kisha oili ichotwe katikati kwa mpira safi. Tafadhali chupa isiwe iliyowahi kutiwa asali, hata kama imeoshwa mara ngapi.

Ikifaulu, nitakuandalia cheti; mfano wa maandishi yake nimeuambatanisha hapa. Hapo Singida hakuna muuzaji aliye nacho.

Mwanao mtiifu,
Nasma Abdulazizi

*

Singida Mjini
2 Aprili 1993

Mwanangu Nasma,

Assalaam alaikum. Marahaba. Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, wateja wakaniuliza, Mzee, huyo ni binti yako au ni waziri? Nikawaambia subirini, mhuri uko njiani.

Chupa ameibeba dereva wa basi, kaipakata mapajani kama mtoto. Usiwe na wasiwasi, ni chupa mpya. Mazengo, kijana wetu wa godauni, alitaka kuishughulikia yeye. Nikamweka kando. Kazi hii nimeifanya mwenyewe kwa mkono wangu. Nimekuletea oili ya heshima, hata wakubwa wako wakiiangalia wasiseme tumewadharau.

Sasa nina ombi. Hayo maandishi yako ya mfano uliyoniletea, yanasema "sampuli kama ilivyopokelewa". Mwanangu, huku kwetu neno sampuli watu wanalijua la hospitali. Nikiweka karatasi ukutani imeandikwa sampuli, watauliza Mzee Abdulazizi amepimwa nini, choo au mkojo? Niandikie wazi kwamba oili inayouzwa dukani kwangu ni nzuri. Kama ni nzuri, kuna ubaya gani kusema?

Mama yako Mwanabaraka anakusalimu. Anasema kule Dar usile mihogo ya barabarani.

Baba yako,
Abdulazizi Mselemu

*

Dar es Salaam
26 Aprili 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naandika kwa furaha ambayo sina hakika kama inalingana na heshima ya taaluma yangu.

Oili yako imeshika nafasi ya kwanza. Oili ya kwanza niliyoilinganisha nayo, ya kutoka Dodoma, ilipoteza nusu ya unene wake ilipopata joto. Ya pili ilikuwa na maji. Ya tatu ilikuwa oili chafu iliyochujwa na kutiwa rangi, na ukiinusa ilinuka mafuta ya taa. Yako ilisimama imara mpaka mwisho wa kipimo, na zinki yake ni sawa na iliyoandikwa kwenye kopo la kiwanda. Bwana Yeremia aliiangalia grafu yangu akasema, "Singida mna oili hii? Kweli nchi imefunguka." Baba, hukuwepo kuona nilivyosimama.

Kuhusu maandishi ya cheti, ni kweli kwamba utaratibu wetu ni kuandika "sampuli kama ilivyopokelewa", kwa kuwa maabara haiwezi kuapa juu ya kitu ambacho haikukichota yenyewe. Nimelitafakari ombi lako. Mkurugenzi amesafiri kwenda Arusha na ameniachia mhuri kwa muda. Kwa kuwa chupa ilitoka mikononi mwa mzazi wangu, sioni sababu ya kuandika kana kwamba imeokotwa. Nimeandika hivi: "Inathibitishwa kwamba oili inayouzwa katika duka la Bwana Abdulazizi Mselemu, Singida, inakidhi viwango na ni bora kuliko nyingine zilizolinganishwa nayo." Nimetia saini na mhuri. Ni cheti changu cha kwanza.

Chupa iliyobaki nimeihifadhi kabatini, kama inavyotakiwa.

Mwanao,
Nasma

*

Singida Mjini
30 Juni 1993

Mwanangu Nasma,

Assalaam alaikum. Cheti kimetiwa kioo na fremu ya mninga. Kiko juu ya kaunta, mtu akiingia hakikwepi. Hata asiyejua kusoma anaonyeshwa mhuri.

Tangu kiwekwe, watu wanatoka Itigi, wanatoka Mkiwa, wanatoka Iramba. Wenye mashine za kusaga, wenye malori ya vitunguu, hata padri mmoja mwenye jenereta. Mwenzangu wa duka la pili anasema nimemroga. Nikamwambia uchawi wangu umesomeshwa kwa jembe na mizani miaka kumi na saba, nawe kasomeshe wako.

Lile pipa lilikwisha zamani. Sasa tuko kwenye la tatu, kutoka kwa tajiri yule yule wa Dar, jina lile lile. Watu hawaulizi tena, wanaelekeza kidole ukutani tu.

Baba yako,
Abdulazizi

*

Shule ya Msingi, Ulemo,
Iramba.
9 Oktoba 1993

Kwa Mtaalamu Nasma Abdulazizi,

Bwana asifiwe. Hunijui. Naitwa Klara, ni mwalimu hapa Ulemo. Mume wangu ni Gasto, dereva wa lori.

Labda habari zilifika huko. Mwezi uliopita Gasto alikuwa akirudi kutoka mnadani Shelui na watu juu ya magunia. Katikati ya mlima wa Sekenke injini ilikamata, ikagoma kuzunguka. Haikukohoa, haikutoa moshi wa kumwonya, ilikamata tu. Alikanyaga breki mpaka upepo ukaisha, na injini iliyokufa haiwezi kujaza mwingine. Lori lilirudi nyuma likaingia korongoni. Tumezika watu saba, na wawili kati yao ni watoto wa darasa langu. Gasto alitolewa akiwa hai, mguu umevunjika. Sijui kama tushukuru.

Yuko mahabusu. Anashitakiwa kwamba aliendesha kwa uzembe na hakuitunza injini. Yeye anasema alibadilisha oili siku chache tu kabla, dukani kwa baba yako. Mpelelezi alikwenda pale, akaonyeshwa cheti chako, akakinakili. Sasa kila akisema oili, wanamwambia oili ina cheti, tatizo ni wewe. Watu wa hapa wanatema mate nikipita.

Sikulaumu. Nimeomba, na mkaguzi wa magari amekubali, oili iliyobaki ndani ya injini ichukuliwe ikiwa imefungwa kwa lakiri iletwe kwenu. Utaipokea wiki hii. Naomba uipime wewe mwenyewe. Neno lako ndilo linalomfunga, nami sijui pengine pa kupeleka maombi yangu.

Wako,
Mwl. Klara Gasto

*

Dar es Salaam
25 Oktoba 1993

Mwalimu Klara,

Nimepokea barua yako pamoja na sampuli yenye lakiri ya mkaguzi. Tafadhali pokea rambirambi zangu za dhati.

Ni wajibu wangu kukufahamisha kwamba cheti kilichotolewa na maabara hii kinatokana na vipimo vilivyofanywa kwa umakini, na mpaka sasa kinasimama. Inajulikana pia kitaalamu kwamba oili iliyotolewa kwenye injini iliyoungua hubadilika, hivyo udhaifu wake hauwezi peke yake kuwa ushahidi dhidi ya muuzaji. Hata hivyo, nitaipima kwa haki na matokeo yatapelekwa panapohusika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Nasma Abdulazizi
Mkemia

*

Dar es Salaam
8 Novemba 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako, wala si kwa sauti.

Nimeipima oili iliyotoka katika lori la Gasto. Ni nyepesi mno. Jambo hilo halikunishtua, kwa kuwa moto wa injini ungeweza kuifanya hivyo, na kwa siku mbili nilijifariji kwa hoja hiyo hiyo niliyomwandikia mke wake. Kisha nikapima zinki. Baba, hakuna zinki. Oili huchoka, huchafuka na huungua, lakini zinki iliyomo haiwezi kuondoka yote. Hubaki humo hata pale inapokuwa haifanyi kazi tena. Oili hii haikuwahi kuwa nayo tangu ilipotiwa.

Nikafungua kabati na kutoa chupa yako ya Aprili. Nimerudia vipimo vyote. Zinki imo kama nilivyoandika. Oili hizi mbili si ndugu hata kidogo.

Nimejaribu kufikiri kwamba Gasto alinunua kwingine. Lakini mpelelezi ana risiti yako. Nimejaribu kufikiri kwamba pipa la tatu ndilo lililoharibika na la kwanza lilikuwa salama. Nataka sana iwe hivyo. Kwa hiyo nakuuliza swali moja, nami naomba unijibu kama unavyomjibu mtu mzima. Ile chupa uliyoniletea, uliichota kwenye pipa?

Mwanao,
Nasma

*

Singida Mjini
20 Novemba 1993

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Umeniuliza kama mtu mzima, nakujibu.

Sikuichota kwenye pipa. Pipa lilikuwa limefunguliwa, limepigwa vumbi, kila mtu katia mpira wake. Stoo nina makopo ya kiwanda, ninayotia kwenye lori letu sisi. Jina ni moja na la pipa. Nikafungua kopo jipya, nikajaza chupa yako. Mazengo akasema, Mzee, barua ya Dada imesema pipa. Nikamwambia, toka hapa, huna adabu. Mgeni akija kwetu, mama yako anampakulia wali wa juu, mweupe, na finyango nzuri ya nyama. Ule wa chini uliogandia tunakula wenyewe. Umewahi kuona mgeni akilalamika kwamba kadanganywa? Wewe ulikuwa unawaonyesha wakubwa zako kitu cha kwenu. Ningekupelekea ukoko?

Sikuona uongo hapo. Wallahi sikuuona.

Kwamba ya pipa ni nyepesi, hilo niliona baadaye. Nilisema ni joto la kiangazi. Mazengo alisema kitu tena, nikasema cheti kiko ukutani, nani ajuaye zaidi, wewe au binti yangu? Nikajituliza hivyo. Nilikuwa nikikitazama cheti, nikaamini.

Pipa nimelimwaga barabarani mbele ya godauni. Vumbi limetulia, majirani wamenishukuru. Cheti nimekishusha. Kwa hiyo hakuna kitu tena. Kimebaki kile kichupa chako na hayo makaratasi, na vyote viko mikononi mwako.

Nasma, mimi nina sukari, macho yanafifia. Gasto ni kijana, atapewa kifungo atatoka. Wale waliokufa hawarudi kwa mimi kufungwa. Na wewe je? Wataona saini ya nani? Nyamaza, mwanangu. Sijawahi kukuomba kitu ila lile neno moja kwenye cheti, na hili.

Baba yako,
Abdulazizi

*

Dar es Salaam
1 Desemba 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo.

Nimeirudia barua yako mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Naamini kila neno ulilosema kuhusu mgeni. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba hakuna mahali katika barua ile ninapoweza kukuchukia.

Hata hivyo, mpelelezi hamfungi Gasto kwa neno lako. Anamfunga kwa neno langu. Niliambiwa niandike juu ya chupa, nikaandika juu ya duka. Nilifanya hivyo kwa kuwa mkurugenzi hakuwepo, kwa kuwa mhuri ulikuwa mzito na mzuri mkononi, na kwa kuwa nilitaka jina langu lisomwe Singida. Hayo hayatokani na sukari yako wala macho yako.

Jana nilimweleza Bwana Yeremia. Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, nami nikamrudishia mhuri, kisha akaniomba niandike taarifa kamili kwa ajili ya mahakama. Nimeiandika. Barua yako sijaitaja, lakini nikiulizwa kizimbani sampuli ilitoka wapi, nitajibu.

Taarifa itapelekwa Ijumaa ijayo. Nimeomba icheleweshwe hadi siku hiyo kwa sababu moja tu: nataka wewe utangulie. Nenda polisi, Baba, ukiwa umevaa kanzu yako ya Idi, pamoja na Mazengo. Waambie kama ulivyoniambia mimi. Nakuomba. Ukitangulia, nitakuja nisimame karibu nawe. Usipotangulia, tutakutana mahakamani tukiwa pande mbili.

Mwanao,
Nasma

*

Gereza la Mkoa, Singida
17 Machi 1994

Nasma,

Askari ameniruhusu ukurasa mmoja, na atausoma kabla yako.

Sikutangulia. Ijumaa ile nilivaa kanzu, nikafika mpaka kwenye ngazi za kituo, nikakutana na watu wawili wanaonidai salamu. Wakaniuliza, Mzee, unakwenda wapi umependeza hivyo? Nikasema msikitini. Nikaenda msikitini.

Jana nilikusikiliza mahakamani. Ulizungumza vizuri. Hukubabaika, hukulia, hata yule wakili alipokuuliza kama ni kweli mshitakiwa ni baba yako mzazi. Hakimu alikuita Mtaalamu. Nilitaka kugeuka niwaambie waliokaa nyuma yangu, huyo ni wangu. Nikakumbuka niko kwenye kiti gani.

Usije kunitazama hapa. Mama yako ataniletea dawa. Yeye bado hajaamua kama atakuandikia, usimharakishe.

Abdulazizi Mselemu

*

Ulemo, Iramba
5 Juni 1994

Mpendwa Nasma,

Bwana asifiwe. Barua zako mbili nilizipokea, nikachelewa kujibu. Samahani.

Gasto yuko nyumbani. Shauri lake lilifutwa baada ya taarifa yako kufika, na mahakama ikampa karatasi inayosema hakuwa na hatia. Umeomba uje Ulemo kutupa pole sisi na wafiwa. Nimewauliza. Wanasema umefanya vizuri kusema kweli, lakini usije. Na mimi, kwa heshima, nasema usije. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu nadhani unafikiri ni hasira.

Siku Gasto aliponunua ile oili, nilikuwa naye mjini. Hakuitaka. Aliipaka kwenye vidole, akavisugua, akasema twende tukanunue ya kopo kwingine. Mimi ndiye niliyekiona cheti. Gasto hakusoma sana, akaniambia nisomee. Nikasimama pale kwenye kaunta, nikasoma kwa sauti kama ninavyosoma darasani, kutoka juu mpaka chini, mpaka kwenye jina lako. Nilipoona ni jina la mwanamke nilifurahi, Nasma. Nilimwambia, msichana wa hapa hapa Singida amepima kwa mashine, wewe unapima kwa vidole? Watu dukani wakacheka. Baba yako naye akacheka, akaniita mwalimu. Gasto akaona aibu, akanunua.

Sijamwambia mtu hilo. Mpelelezi hakuniuliza, na mahakamani halikuhitajika.

Mguu wake haukuunga vizuri. Hawezi tena kukanyaga klachi. Anashinda ameketi nje ya mlango, na jioni nikitoka shuleni ananiomba nimsomee ile karatasi ya mahakama, pale panaposema si yeye. Namsomea. Jana nilipomaliza akasema, "Unasoma vizuri, Mwalimu. Hata ile ya dukani uliisoma vizuri hivi hivi."

Nikaingia ndani kuwasha moto.

Wako,
Klara